Pima Hamsini

Saa ninayovaa imeandikwa kwamba inaweza kuzama mita 300. Niliinunua Kariakoo mwaka niliomaliza chuo, kwa shilingi 45,000, baada ya kubishana kutoka 70,000. Juu ya uso wake kuna taji la Rolex, chini kuna neno Submariner, na chini zaidi kuna hizo mita 300 pamoja na futi zake 1,000, maana hata waliotengeneza feki hii hawakutaka Mmarekani apate tabu ya kukokotoa. Muuzaji hakunificha kitu. "Braza, hii feki, ila feki ya maana," aliniambia. Katika kazi yangu nimekutana na wanasiasa wengi ambao hawajawahi kunipa maelezo mafupi na ya kweli kiasi hicho.

Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa Mtwara mjini, Shangani, hatua chache kutoka baharini, na sijui kuogelea. Mama aliogopa maji na hofu yake nikairithi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi saa ya mpiga mbizi imekaa kwenye mkono wa mtu ambaye maji yakimpita kiunoni anaanza kusoma dua. Imenisaidia kwa mambo mengine. Wakati wa vuguvugu la gesi, mwaka 2012 na 2013, mji ulipojaa wageni na kila mwenye chumba chenye choo cha ndani akawa anataja kodi kwa dola, saa hii ilinipitisha kwenye milango ya hoteli ambayo kitambulisho changu cha uandishi kisingenipitisha. Maofisa walikuwa wakiiona wananisogezea kiti.

Kijiweni walikuwa wananitania. "Mwandishi, mita 300 za nini, na wewe hata boti ya Msangamkuu unapanda umefumba macho?" Nilikuwa nacheka nao. Lakini swali lenyewe si la kuchekea: saa inayosema inafika mita 300, ikiwa kwenye mkono wa mtu asiyefika hata mita moja, inadanganya? Na kama inadanganya, inamdanganya nani? Nililigeuza mzaha kwa miaka mingi. Miaka mitatu iliyopita mzaha ukaisha.

Mama mdogo wangu anaishi Msimbati, kusini mashariki ya Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ni mmoja wa wanawake wanaokwenda mwambani kuvua pweza kwa mguu, na kijiti mkononi. Niliandika makala kuhusu wao. Niliiandika Dar es Salaam, kwa simu, dakika arobaini za maongezi na vocha ya ofisi. Nilimuuliza mama mdogo wanakwenda saa ngapi. Akasema, "Tunakwenda maji yakitoka, tunarudi maji yakigeuka." Nikaitazama sentensi hiyo kwenye daftari nikaona haina mvuto. Nikaandika kwamba wanawake wa Msimbati huingia mwambani alfajiri, nyota za mwisho zikiwa bado juu ya Ruvuma, na kwamba hurudi saa sita, jua likiwa utosini.

Mhariri aliipenda sana alfajiri ile. Watu waliisambaza. Mtu mmoja aliniandikia kwamba sentensi yangu imemtoa machozi.

Kwa wasomaji wa bara, nieleze kidogo. Wavuvi wa pweza wa mguu hufanya kazi siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na chache zinazofuata, bahari inapojaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku hizo maji hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Alfajiri ya siku hiyohiyo maji yanakuwa bado yako juu, yanalamba mchanga wa ufukweni. Kila siku inayofuata kupwa kunachelewa kwa karibu dakika 50, mpaka yanapofika maji mafu, ambapo mwamba hautoki kabisa na hakuna anayekwenda popote. Hayo yote yalikuwamo ndani ya "maji yakitoka". Niliyatoa nikaweka nyota.

Miezi michache baadaye mama mdogo alinipigia. "Mwanangu," akasema, "wageni wako wamepona."

Sikuwa na wageni. Akanieleza. Vijana wawili wapiga picha walitoka Dar na makala yangu kwenye simu. Walifika ufukweni alfajiri, wakakuta bahari imejaa na hakuna mtu. Wakadhani wanawake wamechelewa siku hiyo. Saa nne wakashuka nao mwambani, wakapiga picha. Kabla ya saa tano wanawake wakaanza kurudi na wakawaita, lakini wale vijana walijua kutoka kwangu kwamba watu hurudi saa sita, na mwamba miguuni mwao ulikuwa mkavu. Ndivyo miamba ilivyo: mbele unaweza kuwa umesimama pakavu huku nyuma yako, kati ya mwamba na ufukwe, mkondo umeshajaa. Ilipofika hiyo saa sita yangu mmoja alikuwa na maji kifuani na mwenzake ameinua begi la kamera kichwani. Mzee mmoja akawafuata na mtumbwi. Kamera moja haikupona.

Mama mdogo hakunigombeza. Aliuliza tu, "Alfajiri alikwambia nani?"

Usiku ule nilikaa na saa yangu ya mita 300 mkononi nikitaka kujua jambo dogo sana, labda kwa sababu jambo kubwa lilikuwa linaniuma: nani alikuwa wa kwanza kuandika kina juu ya uso wa saa, na aliandika kwa ushahidi gani? Nimesoma mengi tangu usiku ule. Nimekuwa mtu anayejua bei za saa ambazo hataweza kuzinunua hata akiuza nyumba ya urithi.

Mwaka 1953 kiwanda cha Blancpain cha Uswisi kilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms. Tafsiri yake ni pima hamsini. Pima ni ileile ya wavuvi wetu wa Mikindani: unanyoosha mikono yote miwili, unapitisha mshipi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole cha upande wa pili, hiyo moja. Hamsini ni kama mita 91, kina ambacho kwa wakati ule kilihesabiwa kuwa mwisho wa mtu anayezama na mtungi wa hewa. Mkuu wa kiwanda, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mpiga mbizi mwenyewe, na inasimuliwa kwamba aliwahi kuishiwa hewa chini ya maji kwa kupoteza hesabu ya muda. Saa yake ikawa na pete ya nje inayozungushwa ili kuonyesha dakika ulizokaa chini, na pete hiyo ilifungwa isijigeuze yenyewe kwa bahati mbaya. Wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa waliichukua kwa kazi. Kina kile kiliandikwa, basi, na mtu aliyekuwa na sababu ya kukiogopa.

Kiwanda hichohicho leo kinatengeneza saa inayoitwa Tech Gombessa, ya mwaka 2023, ambayo pete yake inahesabu saa tatu nzima za kuzama badala ya dakika sitini. Gombessa ni neno la Wangazija, majirani zetu wa ng'ambo ya bahari hii, jina la samaki yule wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa na wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga. Bei yake inazidi dola 25,000. Wavuvi wa Ngazija walikuwa wakimtupa samaki huyo au kumla kwa shingo upande, maana nyama yake haina ladha. Sijui nicheke wapi.

Mwaka huohuo wa 1953 Rolex walitoa Submariner, baba wa feki yangu. Lakini kisa cha Rolex kilichonikamata ni cha zamani zaidi. Mwaka 1926 Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa na saa mpya isiyoingiza maji, Oyster, na hakuna aliyemwamini. Oktoba 1927 mpiga chapa wa London, dada anayeitwa Mercedes Gleitze, aliogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, mwanamke Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo. Siku chache baadaye mwanamke mwingine, daktari, akatangaza kwamba naye ameogelea, tena kwa muda mfupi zaidi. Kumbe uongo. Alikiri mwenyewe kwamba alitaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kudanganya, kwa kuwa hakuna anayehakiki. Alichofanikiwa ni kumtia Gleitze kwenye shaka. Gleitze akaamua kurudi majini mbele ya mashahidi, katika baridi ya mwisho wa Oktoba, na safari hii akiwa na Oyster shingoni. Alikaa majini zaidi ya saa kumi. Hakumaliza, walimtoa amekaribia kupoteza fahamu. Waliomwona hawakuwa na shaka tena. Saa ilikuwa inakwenda, na mwezi uliofuata Wilsdorf akanunua ukurasa mzima wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuutangazia ulimwengu.

Nilikirudia kisa hiki mara nyingi. Mwanamke aliyekuwa amesema kweli alilazimika kurudi kwenye maji ya barafu kwa sababu mwingine alisema uongo akiwa amekauka. Na mimi nilikuwa upande gani? Nilikuwa nimekauka. Tena kwenye kiyoyozi.

Wazungu wa viwango nao hawakuacha neno "mpiga mbizi" lizurure. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 6425, kinachosema saa haiwezi kuitwa ya mpiga mbizi mpaka kila moja, si sampuli, kila moja, ibanwe kwa mgandamizo wa maji unaozidi kwa robo ule ulioandikwa. Ukiandika mita 200, unaipima kama mita 250. Hiyo robo ya ziada imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye siku moja ataiegemea. Lakini saa za kawaida zilizoandikwa mita 30 huvumilia manyunyu ya mvua na kunawa mikono, na ukiogelea nayo umejitakia. Namba zote mbili zimeandikwa kwa herufi nzuri zilezile.

Halafu kuna waliochagua kuuza kitu kingine kabisa. Mwaka 1972 Audemars Piguet walitoa Royal Oak, kazi ya mchoraji Gérald Genta: chuma cha pua, pande nane, skrubu nane zinazoonekana wazi, umbo ambalo inasemekana lilitokana na kofia ya chuma ya wazamiaji wa zamani. Uwezo wake majini ni mita 50 tu. Bei yake ilikuwa faranga 3,300 za Uswisi, zaidi ya saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Watu walidhani wamechanganyikiwa. Miaka minne baadaye Genta huyohuyo akawachorea Patek Philippe saa ya Nautilus, kwa umbo la dirisha la meli, na kwa jina lililo pia la nyambizi katika riwaya ya Jules Verne. Desemba 2021 Nautilus moja yenye uso wa rangi ya buluu ya duka la Tiffany iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Chuma, jamani.

Kwenye hiyo 3,300 lazima nisimame, maana kwa mtu wa Mtwara namba hiyo ina historia. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kuibeba. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imegusa 4,000, na mjini tulikuwa na vichekesho visivyoisha kuhusu mkulima wa Newala au Tandahimba aliyepokea malipo akashuka mjini kununua saa kubwa yenye vioo vinavyometa. Tulimcheka: hana pa kwenda, saa ya nini? Mtu wa Geneva akisubiri miaka kwenye foleni ya dukani kwa ajili ya saa ya chuma tunamwita mkusanyaji, tunamwandikia majarida. Nimeshiriki vicheko vile na leo sioni tofauti ya kimaadili kati ya wale watu wawili, isipokuwa kwamba yule wa Newala alifanya kazi ya jua kali na alilipa taslimu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema saa ya anasa ni uongo kwa sababu tu mvaaji haitumii. Angalieni Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaoongea Kiswahili wamezeeka. Mwanamume anafunga jambia kiunoni siku ya harusi. Hakuna anayedhani atalichomoa. Jambia lile lilikuwa silaha, sasa ni heshima, na kila aliyepo barazani anajua hivyo. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, alikuwa akiagiza Rolex zenye alama ya jambia usoni mwake na kuzitoa zawadi. Pambo juu ya pambo, silaha isiyochomolewa juu ya kifaa kisichozamishwa. Aliyepewa hakudanganywa. Rolex wenyewe mwaka 2022 wametoa saa ya Deepsea Challenge iliyoandikwa mita 11,000, kina cha shimo refu kuliko yote baharini, mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu utakaofika ukiwa nje ya chombo. Nayo nasema ni jambia. Namba ile ni ya kuringia, na sote tunajua.

Hata fasihi inaruhusiwa hivyo. Katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari, kuna saa inagonga usiku wakati wala njama wamekaa. Roma ya Kaizari haikuwa na saa za kugonga. Zilikuja zaidi ya miaka elfu baadaye. Walimu wa fasihi wanapenda kulionyesha kosa hilo darasani. Lakini hakuna mtu aliyewahi kushuka mwambani kwa kuifuata saa ya Shakespeare.

Kwangu mimi mstari uko hapo. Kitu kinaweza kusema makubwa kuliko ukweli wake, na kikabaki pambo, mpaka atokee mtu wa kukiegemea. Akishatokea, namba ile ni ahadi, awe aliyeiandika alikusudia au la. Wale vijana wawili walikuwa na haki ya kuniegemea. Makala ilikuwa na jina langu, picha yangu, na neno "mwandishi wetu". Mimi niliwapa jambia wakadhani ni kisu.

Ziko saa zinazochagua kazi. Tudor, kampuni ndogo ya Wilsdorf aliyoianzisha ili watu wa kipato cha chini zaidi wapate saa imara, mwaka 2021 walitoa Pelagos FXD kwa kushirikiana na wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa, na pete yake inahesabu kurudi nyuma kwa sababu ndivyo watu wale wanavyojiongoza wakiwa chini. Heuer mwaka 1949 walitengeneza Solunar, ya kuonyesha kujaa na kupwa, kwa ajili ya wavuvi na wawindaji wa Marekani. Leo nikitafuta saa ya mkononi yenye mchoro wa maji na mwezi, inayofaa kwa mtu kama mama mdogo, siikuti kirahisi kwenye vioo vya Geneva. Naikuta kwa Casio, kwenye G-Shock walizowatengenezea vijana wanaoteleza juu ya mawimbi. Mita 200, plastiki, bei ya simu ya kawaida. Wenye anasa waliamua kwamba bahari ni kwenda chini. Kwa wengi wanaoishi nayo, bahari ni kwenda na kurudi.

Nilikwenda Msimbati siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Bodaboda ilinipitisha Madimba, gesi inaposafishwa kabla ya kuingia bombani kwenda Dar es Salaam, kisha mchanga, minazi, mchanga. Mama mdogo alinipokea kama vile hakuna kilichotokea, akanipa chai na mihogo, akanitazama miguu. "Na hivyo viatu?" Akanitafutia yeboyebo za mtoto wake.

Tulishuka saa tatu na nusu. Saa yangu ilionyesha hivyo kwa namna ambayo sisi tunasoma, mshale mfupi ukiwa kati ya tisa na kumi na sisi tunasema tatu na nusu. Nimewahi kumweleza mgeni mmoja wa kampuni ya gesi kwamba tunasoma upande wa pili wa saa, akadhani namfanyia utani. Mama mdogo aliiangalia. Mita 300 hakuuliza. Aliuliza, "Hiyo pete inazunguka ya nini?" Nikamweleza: unaiweka kwenye dakika uliyoanza, halafu unajua umekaa muda gani. Akatikisa kichwa, kwa heshima kabisa. "Hiyo nzuri. Basi izungushe." Nikaizungusha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saa ile kufanya kazi.

Mwambani yeye haangalii pweza, anaangalia mlango wake: vijiwe vilivyopangwa, maganda ya chaza yaliyotupwa nje kama taka za mama ntilie. Anaingiza kijiti, anasubiri, anavuta. Mimi nilikuwa natembea kama mzee, macho chini, dua mdomoni. Nikateleza. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye dimbwi ambalo halikufika kiwiko. Baada ya dakika chache kioo cha saa kikaanza ukungu kwa ndani, kwanza upande wa taji, halafu kote. Baadaye mshale wa sekunde ukaanza kutetemeka mahali pamoja kama nzi aliyenaswa, ukasimama. Saa tano kasoro dakika ishirini.

Karibu wakati huohuo mama mdogo alinyanyua kichwa. "Tugeuke."

Mimi sikuona kitu. Mwamba ulikuwa mkavu, jua zuri, wanawake wengine bado wameinama. Nikaiangalia saa, kwa mazoea tu, ikiwa imekufa. "Umejuaje?"

"Miguuni," akasema. "Maji yalikuwa yanatoka hapa kwenye kifundo. Sasa yanasukuma." Nikasimama nikajaribu kusikia kwa miguu. Labda nilisikia. Kwenye mkondo maji yalitufika magotini, na tulipokuwa tumeshakaa ufukweni, yeye akiwapigapiga pweza wake kwenye jiwe, mtu mzima alipita palepale na maji yalikuwa kiunoni mwake.

Nilimpelekea fundi saa mjini. Akaifungua, akamwaga kijiko kizima cha bahari, akaninyooshea kwa koleo. "Ndani hamna mpira," akasema. "Walichora tu." Akanishauri niivae hivyohivyo, kwa kuwa kwa nje bado inang'aa.

Mhariri alikubali kuweka marekebisho chini ya makala. Mistari miwili, herufi ndogo. Nilitaka mama mdogo awe wa kwanza kuyasikia, nikampigia jioni, nikamsomea: kwamba tofauti na tulivyoandika awali, wanawake wa Msimbati hushuka mwambani saa nne asubuhi.

Akanyamaza kidogo. Nilikuwa nasikia redio ya jirani na watoto.

"Saa nne ya lini?" akauliza.